Mwaka Uso Wangu Ulipobanduka

Tulimzika Shangazi Anaeli nyumbani kwake Moshono, na jeneza halikufunguliwa. Kwa mtu asiyetoka kwetu hilo laweza kuwa jambo dogo. Kwetu, akifa mtu, watu hupanga mstari wakampitia mmoja mmoja, wakamtazama usoni, wakatoka wanafuta machozi. Asiyetazama huona kama hakuzika. Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kwamba marehemu aliacha neno kuwa asiangaliwe, minong'ono ilianza chini ya maturubai kabla hajamaliza kusema. Mama mmoja nyuma yangu alimwuliza mwenzake kama ilikuwa kansa. Mwenzake akasema kansa gani, hapo pana kitu familia inaficha. Nilikaa na karatasi yangu ya ibada, miguu haitulii, nikitamani kugeuka niwaambie wanyamaze, maana wote wawili niliwafahamu na wote wawili walikuwa wateja wake. Sikugeuka. Sababu ya jeneza lile kufungwa niliijua mimi, nadhani peke yangu, na niliijua tangu mwaka ule niliokaa naye Kaloleni nikisubiri uso wangu upone.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa na haraka. Ukiniuliza haraka ya kwenda wapi nisingekuambia, ila sikuweza kukaa kwenye kiti mpaka chai ikaisha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu utoto wangu wote yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni: sabuni za kila harufu, redio, mitumba, viatu vya kung'aa. Kampuni za watalii zilikuwa zinaota mjini kama uyoga, na wasichana niliosoma nao walikuwa wanaingia maofisini wakiwa na sketi fupi na funguo. Shangazi alikuwa na duka nyuma ya soko, mlango mmoja tu wenye kaunta ya mbao, na nyuma ya duka, upande wa pili wa pazia la maua, ndiko tulikoishi, vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa na vitanda viwili na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Cha katikati kilikuwa jiko, stoo, chumba cha kuongelea, na mahali pake pa kuchanganyia. Shangazi aliuza krimu za weupe alizozitoa Namanga, mpakani, na iliyopendwa mjini kuliko zote aliichanganya mwenyewe, kwenye beseni la plastiki, kwa mwiko ambao haukuruhusiwa kugusa chakula, kisha akaijaza kwenye makopo madogo yasiyo na jina. Wateja waliyaita makopo ya Mama Anaeli. Alikuwa hana mtoto, lakini mama wa duka lazima awe mama.

Yeye mwenyewe alikuwa mweupe wa kupendeza, daima amepaka poda, daima amefunga kitambaa kilichoshuka kwenye paji la uso. Mimi uso wangu ulikuwa wa chunusi. Sisemi vile vipele viwili vitatu vya msichana anayekua. Zilikuwa zimejaa mashavuni, kidevuni, mpaka shingoni, nyingine zina usaha, nyingine ngumu chini ya ngozi, zinauma nikilala ubavu. Nilikuwa nimejaribu maji ya ndimu, nimejaribu dawa ya meno, nimejaribu mkojo wa asubuhi kwa ushauri wa dada mmoja wa bwenini ambaye mpaka leo sijamsamehe.

Hoteli mpya ya watalii ilikuwa inamaliziwa kupakwa rangi kwenye barabara ya Moshi, mbele kidogo ya Makumira, nao walitaka wasichana wa mapokezi. Nikaenda. Meneja alikuwa mzee mmoja mpole mwenye tai, akaniuliza mambo kwa Kiingereza, nikajibu yote, akanipa simu nijifanye napokea, nikapokea. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Kisha akanitazama usoni, akaiweka kalamu chini.

"Binti, sauti unayo. Lugha unayo. Lakini mapokezi ni uso," akasema. "Tutafungua kiangazi, wageni wakianza kuja. Uso ukitulia, rudi. Nafasi moja nitaiacha wazi kadiri nitakavyoweza."

Nilisema asante. Sikulia, nilisema asante na kupiga goti kidogo kama nilivyofundishwa, na hiyo asante inaniudhi mpaka leo kuliko alichosema yeye. Nilipomsimulia Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Akamenya mpaka ya mwisho, akaosha utomvu mikononi kwa mafuta ya taa. Nilitegemea aende kwenye beseni lake. Badala yake akasema kesho hafungui duka, tunakwenda Moshi kwa daktari wa ngozi.

Daktari alikuwa mama mrefu mwenye miwani, na hakuwa na haraka hata kidogo, jambo lililonichosha. Alinigeuza uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Akaniuliza, "Una mimba?"

"Hana!" Shangazi akajibu kabla sijafumbua mdomo.

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Na mimi nimekuambia hana. Analala chumba kimoja na mimi."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaeleza kwamba dawa anayotaka kunipa, krimu iitwayo tretinoini, hapewi mjamzito, ndiyo maana lazima aulize, na kama lolote likibadilika niache mara moja. Akatoa tyubu ndogo kiasi cha kidole, mimi nikaona ananitania. Akasema: jioni tu, nikishanawa na uso kukauka kabisa. Kiasi cha punje ya njegere, kwa uso mzima. Mbali na macho, mbali na pembe za mdomo. Nianze kwa kuruka siku. Nisichanganye na kitu kingine chochote, na jua nilikimbie, nivae kofia pana. "Na ujue," akasema, akinitazama mimi tu, "mwanzoni uso utazidi kuharibika. Utakauka, utabanduka, chunusi zilizojificha zitatoka zote. Watu wengi huacha hapo. Usiache. Hii ni kazi ya miezi." Niliposikia miezi nikahesabu kichwani iliyobaki mpaka kiangazi.

Alisema kweli, na hata hakusema yote. Ngozi ilianza kubanduka puani, kisha kuzunguka mdomo, vipande vyeupe vyeupe kama magamba ya kitunguu, na chini yake nyekundu, inayowaka nikinawa. Chunusi zilitoka ambazo sikujua kuwa ninazo. Pembe za mdomo zilipasuka, kwa hiyo kula kukawa kazi. Shangazi alipika vizuri, mtori wa ndizi na mbavu, na Jumamosi loshoro, mahindi yaliyoiva mpaka yakalegea ndani ya maziwa mgando, chakula cha kwetu mlimani ambacho mjini watu walianza kukionea haya. Nilikula loshoro kwa sababu ilikuwa baridi na laini, nikifungua mdomo kidogo kidogo. Kachumbari niliitazama tu. Mchana sikutoka. Nilikaa nyuma ya pazia mpaka jua lishuke, nikizunguka kati ya vitanda viwili na jiko, nikipanga makopo yaliyokwisha kupangwa, nikienda kwenye kioo na kurudi. Na kwa kuwa pazia ni kitambaa tu, nilisikia kila kitu.

"Mama Anaeli, yule binti wako mbona amebabuka? Amepaka ya nani?"

"Anatibiwa."

"Anatibiwa! Haya. Ingekuwa ni makopo yako tungeogopa."

Wakacheka, Shangazi naye akacheka. Hao ni watu waliokuja kununua weupe, wakinicheka mimi kwa kudhani nanunua weupe. Usharikani maneno yalikuwa mazito zaidi. Mwalimu wa kwaya alimwita Shangazi pembeni akamwambia ingefaa nipumzike kuimba mstari wa mbele, kwa sababu vijana wanaiga. Nilitaka nikasimame madhabahuni niwasomee maelezo ya daktari. Shangazi akaniambia, "Aichi, mtu mzima hajitetei kwa kila mbwa anayebweka," na nikaona ni msemo wa mtu ambaye habwekewi na mbwa yeyote.

Kisha ikaja Jumapili ya kipaimara cha binamu yangu, huko juu mlimani. Sijui wengine, lakini sisi tulilelewa kwamba mtoto haendi kanisani amepauka. Bibi zetu walitushika kidevu, wakatupaka mafuta ya mgando mpaka tukang'aa kama sufuria jipya, na mtoto mwenye uso mkavu ilikuwa ni kama kutangaza kwamba kwao hakuna mtu. Asubuhi ile Shangazi alinitazama nikiwa na gauni langu, uso umepauka unabanduka, na nadhani kilichomtoka ni uchungu wa bibi zake wote. Akaniketisha kwenye kigoda.

"Uso mzima unaugua, halafu dawa ni punje ya njegere," akasema. "Ndiyo maana haifanyi kazi. Hao madaktari wana ubahili wa serikali."

"Shangazi, alisema jioni."

"Alisema, alisema. Tulia."

Akaiminya tyubu kiganjani, akasugua viganja viwili, akanipaka uso na shingo kama anavyopakwa mtoto, kwa upendo, mpaka kwenye masikio, na juu yake akaongeza mafuta ya mgando ili ning'ae. Alikuwa amenifungia duka akanipeleka Moshi, ningemshikaje mkono? Kofia akakataa, kwamba kofia pana kanisani ni ya wazungu. Ibada ilikuwa ndefu, na baada yake tulikaa kihambani, shambani kwa ndugu, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, mahali pekee pasipo na kivuli cha migomba. Jua la kule juu ni la kudanganya. Hewa ni baridi, hujui kama unaungua. Walipokuwa wanagawa pilau nilihisi uso unavutwa kama umefungwa kamba. Jicho la kulia likaanza kujifunga. Shangazi alikuwa anacheka na wifi zake upande wa pili, akageuka, akaniona. Sahani ilimponyoka. "Yeuwi, mtoto wa watu!" akapiga kelele, akaja mbio na kanga yake akanifunika kichwa kizima mbele ya wageni wote, na chini ya kanga ile nikamsikia analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Daktari aliagiza nisimamishe krimu kabisa mpaka ngozi itulie, kisha nianze upya, polepole kuliko mwanzo. Kiangazi kilikuwa kimekaribia. Nilianza kuwa mtu wa kukaa naye vibaya: nilifunga milango kwa nguvu, niliacha chai ipoe, nilijibu mkato. Na hapo ndipo alipoanza kuja dukani Glory. Alikuwa msichana wa rika langu, kwao Machame, wazazi wake wana duka la vipuri pale mjini, mcheshi, mwenye madoa meusi ya chunusi za zamani. Naye alikuwa anaitafuta kazi ya hoteli. Aliniambia mwenyewe, bila kinyongo, tukikaa kwenye magunia. Alinunua kopo la Shangazi. Baada ya siku chache madoa yakawa yanafifia. Baada ya siku nyingine chache uso ukawa sawa, laini, mweupe. Mimi bado nilikuwa nabanduka.

Siku moja saa sita mchana, duka limefungwa kwa chakula, nilichukua kopo rafuni nikaliweka mezani mbele yake.

"Nipake hii."

"Rudisha."

"Kwa nini? Unawauzia watu wote mjini. Glory umemuuzia. Mimi mtoto wa kaka yako unaninyima?"

"Aichi, rudisha hilo kopo."

"Unataka nikose kazi. Unataka nikae hapa nyuma ya pazia nikukorogee maisha yangu yote!"

Nilidhani atanipiga. Alisimama, akachukua beseni la kunawia, akamimina maji ya birika, akaongeza ya baridi, na kipande cha sabuni. Akafungua kitambaa cha kichwa. Sikuwa nimewahi kumwona bila kile kitambaa wakati wa mchana. Aliamka kabla yangu, na jioni alizima taa kwanza. Akanawa. Poda ikashuka ndani ya maji kama uji mwepesi. Akajipangusa, akaenda kusimama pale dirishani, kwenye kile kipande cha mwanga kinachoruka kutoka ukuta wa jirani, akanigeuzia uso.

Juu ya mifupa ya mashavu na kwenye paji la uso ngozi ilikuwa nyeusi ya kibluu, nene, yenye punjepunje, na kuizunguka palikuwa na wekundu na vimishipa vyembamba. Upande wa sikio palikuwa na kovu lililokunjamana. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, na uso ule haukuwa na umri.

"Mimi niliahidiwa wiki moja," akasema. "Na nikaipata. Nilipendeza mwaka mzima, Aichi, hujaona mtu aliyependeza vile. Halafu uso ukaanza kurudi mweusi, na kila ukirudi naongeza, na kila nikiongeza unarudi vibaya zaidi. Sasa siwezi kuacha na siwezi kuendelea. Wewe banduka. Banduka mpaka uishe, lakini hilo kopo hutaligusa nikiwa hai."

Nililia. Nililia kwa ajili yake na kwa ajili yangu, vyote pamoja, na machozi yaliniunguza. Nilipoweza kusema niliuliza jambo ambalo nadhani alikuwa anaomba nisiulize.

"Na Glory?"

Alikuwa ameshachukua kopo la poda. "Glory ana mama yake," akasema, akaanza kujipaka.

Nilirudi kwenye punje yangu ya njegere. Jioni tu, nikiruka siku, uso ukiwa mkavu, na safari hii hakuna aliyegusa tyubu ila mimi. Kiangazi kilipoingia chunusi mpya zilikuwa zimepungua sana, wekundu umekwenda, bado kuna mabandukobanduko kidevuni na madoa mashavuni. Haukuwa uso uliopona, lakini ulikuwa uso unaopona, na mimi sikuweza kusubiri zaidi. Nilivaa sketi yangu ya buluu, nikaenda hotelini. Bendera zilikuwa zimepandishwa. Nyuma ya kaunta ya mapokezi, ndani ya sare ya rangi ya maziwa, alikuwa amesimama Glory, na mbele yake dirisha kubwa la vioo linalotazama mlima, jua limemjaa usoni. Alinifurahia kwelikweli. Alitoka nyuma ya kaunta akanikumbatia, akaniambia pole, nafasi ilikuwa moja na meneja alimchukua wiki ileile madoa yalipoisha. "Msalimie sana Mama Anaeli," akasema. "Mwambie bila yeye nisingekuwa hapa."

Nilizifikisha salamu kama zilivyo. Shangazi alikuwa anakoroga mtori. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Anakaa upande gani?" akauliza. "Pana jua hapo?"

"Dirisha zima."

Tulikula, sahani zikabaki na chakula, za wote wawili. Siku zilizofuata alimtumia Glory neno mara kadhaa aje amwone, na kila mara jibu likawa yuko zamu. Beseni la kuchanganyia halikushushwa kutoka juu ya kabati. Nilianza kufikiri labda ameacha, na niliogopa kuuliza, nisije nikavunja kitu. Kisha alasiri moja tukiwa wote kaunta akaingia mama mnene mwenye kitenge kipya, amejaa bashasha, akajitambulisha kuwa ndiye mama yake Glory.

"Nimekuja kukushukuru, mama," akasema. "Mtoto amepata kazi, nyumba nzima inamtazama yeye. Amesema nimchukulie kopo lingine, lile limekwisha. Tena nipe mawili. Na mimi mzee nijaribu."

Shangazi hakusogea. Nikasema mimi.

"Mama, shikamoo. Msipake hiyo. Inaunguza. Mwanzo inapendeza, baadaye inaharibu uso, haurudi tena."

Akanigeukia, akanitazama kidevu, akanitazama mashavu, na macho yake yakajaa huruma ya kweli. "Marahaba, mwanangu. Pole sana," akasema. "Wewe ulipaka ya nani?" Kisha akamgeukia Shangazi, kwenye ule uso mweupe, mzuri, wa poda, akacheka kidogo kama watu wazima wanaoelewana. "Mtoto anadhani ni ya aina moja."

Nilimtazama Shangazi. Makopo yalikuwa rafuni nyuma ya kichwa chake. Alinyanyua pindo la kanga yake polepole mpaka shavuni, akaliweka pale juu ya mfupa, palepale, na mkono ukabaki hapo. Ilikuwa imebaki kufuta tu. Mama Glory alikuwa anasubiri, bado anatabasamu. Kisha pindo likashuka, likapangusa jasho la juu ya mdomo, kwa uangalifu, lisichukue poda. Shangazi akageuka akashusha makopo mawili, akavuta gazeti, akaanza kuyafunga.

"Mwambie tu," akasema bila kuinua uso, "asikae juani."